Aliyebishana na Mikataba Mirefu

Kwa muda sasa swali moja limekuwa likininyima usingizi: nimuoe mchumba wangu sasa, au ningoje mpaka nijue kama mkataba wangu wa kazi hapa Dubai utarefushwa? Wasomaji wa safu hii mnanijua. Mnajua kwamba mimi ni mtu wa kusimama mbele ya friji ya duka nikipima ninunue maziwa gani, kisha nikaondoka bila maziwa. Kwa hiyo hamtashangaa nikiwaambia kwamba mchumba wangu, mwalimu wa shule ya msingi kule Tanga, amekaa na posa yangu tangu nilipoanza kazi hii, na kila mwaka nimemwambia mwakani. Nilikuwa bado nalizungusha swali hilo kichwani asubuhi moja ujumbe ulipoingia kwenye simu yangu: mzee wetu wa Malindi ametutoka, maziko ni baada ya Adhuhuri. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa dua, naona haya kulisema. Nilijiuliza sasa nitamwendea nani, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa akinipa jibu nililotaka kulisikia.

Alikuwa mhudumu wa mgahawa katika hoteli moja ya Al Rigga, zamu ya kifungua kinywa. Hoteli hiyo hupokea Wamarekani wengi, na kwa kuwa usiku wao ni asubuhi yetu, kila Jumatatu televisheni ya ukumbini huonyesha ule mchezo wao wa mpira wenye umbo la yai wakati wageni wakila mayai. Aliujifunza mchezo huo akiwa na birika la kahawa mkononi. Mwanzoni, alituambia, alitaka tu apate la kuzungumza na wageni. Baadaye ukamwingia damuni, akatuambukiza na sisi. Jioni, katika kafeteria moja nyuma ya barabara ile, tulikuwa na meza yetu: yeye, dada mmoja wa Mombasa anayeuza manukato, mzee wa Kiunguja ambaye ukoo wake umekaa nchi hii tangu sisi hatujazaliwa na ambaye wote tunamwita Ami, pamoja na mimi niliyekuja kutoka Jumeirah Village Circle kwa mabasi mawili ili nisikae peke yangu na mawazo yangu. Tulikunywa chai ya maziwa na kubishana juu ya watu ambao hawakujua kama tupo duniani.

Ubishi mkubwa wa msimu uliopita ulihusu mchezaji mmoja. Katika mchezo ule kuna mtu mmoja ambaye kila shambulio huanzia mikononi mwake. Hupokea mpira, huamua amrushie nani, huku majitu yakimkimbilia yamlaze chini. Wamarekani humwita kwotabeki. Marehemu alimwita mrushaji, nasi tukamfuata. Mrushaji huyo alikuwa hodari, lakini hakuwa amewahi kuipa timu yake kombe, na goti lake lilikuwa limeshapasuliwa na madaktari. Mkataba wake ulikuwa unamalizika. Yeye alitaka mkataba wa miaka mingi na fedha nyingi. Timu ilitaka kumshika mwaka mmoja mmoja, kwanza imtazame. Mashabiki walikuwa wamegawanyika, na meza yetu pia. Kwetu kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeitunga: ukishachagua upande, huo ni wako, hata mambo yakikugeukia huuachi.

"Mpe mwaka mmoja," marehemu alisema. "Mmoja tu. Umtazame. Akifanya vyema, mpe mwingine."

"Kwani ni embe hilo, mwalibonyeza kila siku kuona kama limeiva?" dada wa manukato alimjibu.

"Goti lile limepasuliwa, dada. Leo wampa miaka sita, kesho goti lasema khalas, basi. Utamrudisha wapi?"

"Alilivunja akiwachezea nyinyi."

"Mimi si mwenye timu."

"Wazungumza kama arbab mwenye kampuni, yakhe, na mfukoni una nauli ya metro."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Ami, ambaye hakuwahi kuuelewa mchezo ila aliupenda ubishi, aliuliza kama ni kweli fedha zote zile ni za mtu kurusha yai. "Mke wangu hurusha sahani barabara, wala hakosei," alisema, "na hajaniomba hata dirhamu." Dada akasema ngojangoja huumiza matumbo. Marehemu akamwambia harakaharaka haina baraka, na kwamba methali ni kama mawakili, kila upande hupata wake. Mimi nilikuwa upande wa marehemu. Nilipenda jinsi alivyoufanya woga uonekane kama busara.

Baadaye ndipo nilipoona kwamba upande ule hakuuchagua kwa ajili ya mrushaji. Ndivyo alivyoishi. Alinunua mchele kilo moja moja, na vocha za simu ndogo kuliko zote. Siku moja nilimsindikiza sokoni Deira kutafuta viatu vya kazi, tukapita kwenye duka la samani zilizotumika. Palikuwa na kitanda kizuri cha mbao, bei yake haikuwa mbaya. Alikigusa ubao wa kichwani, akakisukuma kidogo kuona kama kinacheza. Nikamwambia akichukue, mgongo wake ulikuwa ukimsumbua na alilala kwenye godoro lililotandikwa chini. Akatikisa kichwa. "Ukinunua kitanda umeshasema unakaa," alisema. "Mimi viza yangu ni ya miaka miwili, kijana. Sijui kama wataniandikia tena." Walikuwa wamemwandikia tena na tena, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuwa na mke Malindi, naye alimpigia mkewe simu kila siku baada ya Asri bila kukosa, na sauti yake ilibadilika akizungumza naye, ikawa ya mtu mdogo. Kila mwaka alisema atamleta auone mji. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Mwakani, inshallah. Acha kwanza tuone kazi inakwendaje."

Sisi tunaoishi hapa tunayajua maneno hayo kama tunavyojua namba zetu za simu. Mji huu umetupokea kwa stempu yenye tarehe ya mwisho. Hakuna ubaya, tulijua tangu mwanzo, na kampuni ina haki ya kumtazama mtu kabla ya kujifunga naye. Lakini nimeanza kuogopa kwamba stempu ile haikai kwenye pasipoti peke yake. Inapenya. Unaanza kununua sufuria ndogo, kwa sababu kubwa utaiacha kwa nani. Unaacha kujifunza jina la jirani, kwa sababu mwakani atakuwa jirani mwingine. Baada ya miaka michache unajikuta unapima hata watu wako mwenyewe kwa kipimo ambacho kafeel, mwajiri aliyekudhamini viza, amekupimia wewe: mwaka huu, kisha tutaona.

Alikufa usingizini, moyo tu, katika siku yake ya mapumziko. Wenzake wa chumbani walidhani analipa deni la uchovu, hawakumwamsha. Mkewe aliulizwa kwa simu kama asafirishwe, akasema azikwe alipofia, asicheleweshwe. Tulimzika hapa. Hitima ilisomwa Al Warqa, nyumbani kwa Ami, ambaye hakuwa na udugu naye wowote ila ile meza. Watu wa msikitini walipokwisha kula na kuondoka, tulibaki sisi wa kafeteria uani, pamoja na mke wa Ami na buli la kahawa. Hapo ndipo Ami, nadhani kwa kutuhurumia, aliuliza: "Basi yule mrushaji wenu, imekuwaje?"

Dada alimwambia. Habari ilikuwa imetoka wiki ileile: timu imekubali, mrushaji amepewa miaka yake mingi na fedha zake zote. Marehemu hakuwahi kulisikia hilo.

"Basi umeshinda," Ami alimwambia.

"Nimemshinda nani?" dada aliuliza. "Hayupo wa kunibishia."

Ami alifikiri kidogo. "Haifai upande wake ukae mtupu leo, nyumbani kwangu. Wewe kijana na yeye mlikuwa upande mmoja siku zote. Hebu mshikie."

Niliona haya, lakini mzee ameshasema. Nikaanza. Nilizijua hoja zake kama nijuavyo Fatiha. Nikasema timu imekosea. Nikasema hakuna anayejua goti la mtu litakuwaje kesho, kwamba mwenye akili hujifunga kidogo kidogo, kwamba kumtazama mtu si kumdharau. Mpe mwaka. Akifanya vyema, mpe mwingine. Nilisema vizuri kuliko nilivyotarajia, hata mke wa Ami akaguna kunikubalia. Nilitazamia dada anirushie lolote, embe au arbab. Hakufanya mzaha.

"Haya," alisema. "Na huo mwaka anaotazamwa, yeye apange nyumba mji gani? Mtoto wake amwandikishe shule ipi? Wenye kutazama hawapotezi kitu. Anayetazamwa ndiye anayezeeka."

Marehemu angekuwa na jibu, nina hakika, angecheka na kulipata ndani ya kicheko. Mimi nilimwona mwalimu wa Tanga anayeulizwa na shangazi zake kila Idi bwana harusi yuko wapi, na ambaye mwaka jana alikataa kupandishwa cheo katika shule ya Handeni kwa sababu nilimwambia huenda mambo yangu yakakaa sawa karibuni. Nilikuwa nimelisahau hilo, au nilikuwa nimeliweka mahali nisipolikanyaga.

Hapo simu ya Ami ililia. Alikuwa mjane wa Malindi. Ami akaiweka kwenye spika ili sote tumpe pole. Alitushukuru mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia kilio cha siku hiyo. Kisha akasema ana swali, tumsamehe kama ni la kipuuzi.

"Chumba alichokuwa akilala, kina dirisha?"

Ami alitutazama. Mimi nilimtazama dada, naye akatazama kikombe chake. Tulikuwa tumekaa na mtu yule jioni baada ya jioni, tukijua anachofikiri juu ya goti la Mmarekani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvuka mlango wake.

"Nilikuwa nikimwuliza," alisema, "akiniambia utakuja kukiona mwenyewe mwakani. Nataka kujua tu alikuwa akiamka anaona nini."

"Mwanangu, sijui," Ami alimjibu. "Sitakudanganya. Kesho nitakwenda nikutazamie, nikupigie."

Alikwenda, na alimpigia. Alichomwambia ni chao, sikuuliza.

Wengine watasema namsema marehemu vibaya. Hapana. Alikuwa mtu mwema, na mapenzi yake kwa mkewe yalikuwa ya kweli kila siku baada ya Asri. Huenda hata alikuwa sahihi kuhusu mrushaji. Huenda msimu huu goti likavunjika tena, timu ikajuta, na dada akanyamaza. Hoja yake ilimfaa mwenye timu. Kosa, kama ni kosa, ni kuichukua hoja ya mwenye timu ukaingia nayo nyumbani. Kampuni hunipa miaka miwili kwa sababu hainijui na hainipendi, na haidai kunipenda. Mimi niliichukua desturi hiyo nikampa mtu anayenijua, nikaiita tahadhari. Nilidhani kwa kutoamua nimeacha mambo wazi. Kumbe kila mwakani niliyomwambia ilikuwa uamuzi, ila ulikuwa uamuzi ambao yeye peke yake ndiye aliyeulipa.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo hofu iliniondoka. Haikuondoka. Mkataba wangu bado unaisha mwakani, na meneja bado hupita mezani kwangu asiseme neno. Bado nalala chumba kimoja na wenzangu wawili, na nyumba ya kumweka mke bado sijaipata. Haya yote niliyapitia tena, moja moja, kama kawaida yangu, na kila moja lilikuwa kweli. Nilichogundua ni kwamba yalikuwa kweli mwaka juzi pia, na yatapata ndugu zao mwaka ujao. Hakika niliyokuwa naingoja haikuwa njiani.

Kwa hiyo siku iliyofuata hitima, wakati wa chakula cha mchana, nilitoka nje ya ofisi nikasimama kwenye kivuli cha ukuta na kumpigia mjomba wangu wa Tanga, aliyenipelekea posa. Nilimwomba aende kwa wazazi wa binti akapange siku ya nikah, kabla ya Ramadhani, na awaambie kwamba binti akija hapa atakuja kama mke wangu, tutaanzia popote tutakapoanzia. Mjomba akaniuliza kama nina hakika, maana safari hii hataki kwenda kuaibika.

"Sina hakika, mjomba," nilimwambia. "Nenda hivyohivyo."

Ijumaa, baada ya sala, mjomba alivaa kanzu akaenda. Siku imewekwa.