Asichekeshwe

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa magodoro. Nusu ya mji wa Bagamoyo ililala juu ya kazi ya mikono yake, na waliobaki, alisema mwenyewe, walilala chini kwa ubahili. Tangu ujana alishindilia usufi kwenye magodoro na mito, mlango ameufunga ili upepo usiupeperushe, na usufi nao ukamshindilia yeye. Mapafu yakajaa vumbi. Nilipofika umri wa miaka kumi na minane, alikuwa hawezi kutoka chumbani hadi uani bila kusimama mara mbili kutafuta pumzi. Na kubwa kuliko yote, hakuweza kulala. Akijinyoosha tu, pumzi zinakatika. Basi fundi magodoro mzima akawa analala kitako, ameegemea mito sita aliyoishona mwenyewe, na kila asubuhi anaikosoa mmoja mmoja. Huu una vinundu. Huu niliushona siku niliyogombana na bibi yako.

Kumuuguza ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na nilikuwa nangoja kuwa mtangazaji wa redio. Hakuna aliyeniahidi, nilikuwa nangoja tu. Huku nangoja, nilimpepea babu kwa kipepeo cha ukili, nikamwaga kopo lake la makohozi na kulitia majivu mapya, nikamlisha uji kijiko baada ya kijiko, maana kula na kupumua kwa pamoja vilikuwa vimemshinda. Aliniita mke wangu, kama babu wote wa pwani wanavyowaita wajukuu wao. Nami nilimwita mume wangu, na bibi nikamwita mke mwenzangu. Bibi akasema hewala, basi zamu ya kupika ni yako. Nikimletea babu maji, hata niwe nimekimbia, ataniuliza kana kwamba nimetoka safari ya mbali, "Mke wangu, maji haya umeyafuata Msata?"

Siku moja tulimpeleka hospitali. Bwana mganga alimsikiliza kifua, mbele na nyuma, kisha akaniita barazani. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na karibu yetu hapo palikuwa na mtoto anapigwa sindano, analia kama king'ora. Mimi nami macho yalikuwa kwenye saa yake ya mkononi, nawaza nitakavyosema, sasa ni saa mbili kamili, ifuatayo ni taarifa ya habari. Nilichoshika ni hiki: dawa ya kuyarudisha mapafu yale haipo, turudi naye nyumbani, akae mkao anaoutaka, dirisha liwe wazi, na asichekeshwe.

Nilifika nyumbani nikasimama katikati ya chumba na kuitangaza habari hiyo kwa sauti ya redio. Bibi hakuuliza mara mbili. Tangu saa ile kicheko kilipigwa marufuku nyumbani kwetu. Jogoo wetu mwenye shingo tupu, ambaye babu akimwona tu anacheka, alihamishiwa kwa jirani. Wageni walipokewa mlangoni na kuonywa, kwa hiyo waliingia na nyuso za msiba, wakamshika mkono babu bila neno na kutoka. Mimi kicheko kikinijia nilikuwa nauma ncha ya kanga. Siku ya tatu babu akaniuliza, kwa pumzi zake za mafungu, kama ameshakufa na watu wanaona haya kumwambia.

Aliyeumia zaidi ni mtani wake. Huyu alikuwa fundi baiskeli, Mnyamwezi, ambaye babu yake alikuja pwani enzi za misafara na mzigo kichwani. Sisi Wakwere, kwa hiyo ni watani. Miaka arobaini walikuwa wanatukanana kila asubuhi kwa mapenzi. Na desturi mnaijua: mtu akifa, mtani wake ndiye huja msibani kumwigiza, watu wacheke. Sasa bibi akamzuia asivuke hata kizingiti.

Babu alinivuta kanga, akasema polepole, akipumzika kati ya maneno.

"Yule ataniigiza siku nimefungwa sanda. Mimi nataka kumwona. Nikimkosa, mke wangu, nitakufa na deni la kicheko."

Pumzi zilikuwa zinapungua, hilo hata mimi nililiona. Lakini amri ni amri.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda hospitali kuchukua dawa ya kikohozi. Bwana mganga akaniuliza hali ya mzee. Nikamwambia kwa fahari kwamba hajacheka hata mara moja. Akauliza kwa nini. Nikamkumbusha alivyosema.

"Mimi nilisema asichoshwe," akasema.

Kisha yeye mwenyewe akacheka mpaka akaketi. Akaniambia mzee acheke, akichoka aachwe apumue.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu kuliko zote. Bibi alinisikiliza hadi mwisho, akaweka mwiko chini.

"Mke mwenzangu, umemfunga mume wetu kinywa siku kumi na mbili kwa sababu ya silabi?"

Akavaa baibui, akaenda mwenyewe kumleta mtani.

Mtani aliketi kitandani, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi kama babu, akalamba uzi usiokuwepo, akalikosa tundu la sindano mara nne na kuilaani sindano na ukoo wake. Kisha akakohoa. Babu akainua kidole.

"Sivyo. Changu kinaanzia chini, kama mtu anaburuta kitanda. Kinatua. Halafu ndiyo kinakuja."

Akamfundisha. Mtani akarudia mara tatu hadi kikamkaa. Hapo babu akacheka, bila sauti, mabega tu, mpaka midomo ikabadilika rangi. Nilipepea kama moto unazimika, bibi anamsugua mgongo, mtani kaduwaa na kofia mkononi. Pumzi zikarudi, moja, nyingine.

"Tena," babu akasema.

Mtani alikuja kila siku baada ya hapo. Babu alifariki wiki chache mbele, alasiri, kitako, ameegemea mto wa ugomvi.

Wanaume waliporudi kutoka kuzika, sisi wanawake tulikuwa ndani mkekani. Tukasikia barazani kikohozi. Kilianzia chini, kama mtu anaburuta kitanda. Kikatua. Halafu ndiyo kikaja. Chumba kizima kikageuka.

Bibi, hajainua macho, akasema, "Mke mwenzangu, mpelekee mumeo maji."

Nami nilikuwa nimeshasimama na kikombe. Nilifika mlangoni ndipo nikakumbuka, na kurudi nikaona haya, basi nikampa mtani. Akakipokea, akavuta pumzi kwa mafungu, akanitazama.

"Mke wangu, maji haya umeyafuata Msata?"

Wa kwanza kucheka, kutoka ndani, alikuwa bibi.