Mafuta ya Watu

Kinyaa kilimpanda Roswitha mpaka kooni. Alikuwa amepiga magoti jikoni, katika nyumba waliyohamia wiki ile mjini Bochum, Ujerumani, akikwangua kwa kisu mgongo wa kabati la mtumba. Mafuta yalikuwa yameganda, ya kahawia, yamenasa manyoya ya paka na kitu ambacho huenda kiliwahi kuwa yai.

"Kefule! Hawa waliotuuzia walikuwa wanapika au wanachinja?"

Mumewe, Ekkehard, alikuwa akipima ukuta kwa mara ya tatu. "Si wewe uliyesema bei ni ya kutupa?"

"Nilisifu bei. Sikusema waniongezee na manyoya ya paka wao."

Lakini wangefanyaje? Mpangaji aliyetoka alihama na makabati, sinki, jiko la umeme, hata balbu, kama kila mtu wa huko anavyofanya, akawaachia mabomba na nyaya zinazoning'inia. Makabati yao ya zamani hayakuenea humu. Waliyafungua wenyewe usiku, harakaharaka, wakayazungushia nailoni vizuri na kumwuzia kijana mmoja, Thilo. Ekkehard alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, kwa hiyo hela ya Thilo ndiyo iliyonunua uchafu huu. Zilibaki yuro mia mbili za fundi umeme, maana jiko la umeme hairuhusiwi kujiungia mwenyewe. Mpaka fundi aje, ni mkate na jibini, asubuhi na jioni. Roswitha alikuwa na hamu ya viazi vya kukaanga mpaka anavinusa usingizini.

Aliinua kabati, akaona vinyesi vya panya. Akakimbilia dirishani kuvuta hewa.

"Watu wazima hawa!" alifoka. "Wanaosha gari kila Jumamosi, wanafagia mpaka ngazi, kumbe nyuma ya jiko wanafuga panya! Mimi ningekufa kwa aibu kumwuzia mtu kitu kama hiki."

Simu ya Ekkehard ililia. Aliusoma ujumbe mara mbili. Mwishowe akamwonyesha picha.

Roswitha alikunja uso. Picha ilionyesha mgongo wa kabati, umefunikwa na uji mwekundu uliokauka, na maganda ya vitunguu yameota ukungu juu yake.

"Sasa umepiga picha ya nini? Wapelekee waliotuuzia, waone walivyo!"

"Sikupiga mimi, mke wangu. Kapiga Thilo. Anasema mkewe ana mimba, ametapika. Anaomba tumrudishie mia mbili."

"Amekosea namba huyo."

"Angalia pembeni."

Pembeni palikuwa na kibandiko cha alizeti. Alikibandika Roswitha mwenyewe, kufunika mahali rangi ilipobanduka. Na ule uji mwekundu aliujua: ulikuwa mchuzi wake wa nyama wa Jumapili, ule ambao wageni waliusifu miaka nenda rudi. 

Alirudisha simu bila kumtazama mumewe.

"Mrudishie."

"Na fundi je?"

"Si nimesema mrudishie? Tutakula mkate."

Akapiga magoti tena, akaokota kisu, akaendelea kukwangua mafuta ya watu. Safari hii hakumtukana mtu.