Mtunza Behewa wa Gulwe

Kwa miaka kumi na saba Gerson Mazengo aliishi katika nyumba yenye magurudumu manane. Lilikuwa behewa kuukuu la mizigo, lililotobolewa madirisha na kugawanywa kwa mbao: chumba kikubwa cha vitanda walimolala mafundi wa gengi la reli, jiko katikati, na mwishoni kijichumba cha Gerson mwenyewe, ambamo mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Gengi likitumwa kutengeneza reli ya zamani, behewa nalo linavutwa, linaachwa kwenye njia ya pembeni ya stesheni fulani wiki tatu au miezi miwili, kisha linavutwa tena. Januari hiyo lilikuwa Gulwe, kwa sababu mvua zilikuwa zimekula tuta upande wa mtoni.

Gerson alikuwa mpishi na mtunzaji wa behewa. Shule yake iliishia darasa la saba. Mambo ya behewa alifundishwa na Mzee Zaidi, aliyelitunza kabla yake. Alijua kwamba tangi la maji hukaa juu ya magurudumu, si katikati ya sakafu. Alijua pia kwamba tangi la nusu ni baya kuliko lililojaa, maana maji yakipata nafasi ya kukimbia yanalisukuma behewa kwenye kona. Sufuria aliziingiza moja ndani ya nyingine, na tambara katikati, zisigongane safarini. Madirisha ya mashariki aliyafunga saa mbili asubuhi kabla bati halijashika moto, na jua likizidi alitandaza magunia yaliyoloweshwa juu ya paa. Majivu aliyazungushia magurudumu ili siafu wasipande. Maji ya kuoshea mboga yalisuuza sahani, kisha yakaenda kwenye ndoo ya kupigia deki.

Kubwa kuliko yote lilikuwa suala la moto. Behewa likitaka kuvutwa, jiko la mkaa huzimwa kwa maji mpaka mtu aweze kushika mkaa kwa mkono. Ndipo linapoingizwa kwenye sanduku la bati lililopigiliwa sakafuni. Kisha Gerson hupita akimuuliza kila mtu kwa jina kama ana moto, na kila mtu sharti ajibu kwa mdomo. Kutikisa kichwa hakukubaliki. Hata Khalidi, mnyapara wa gengi, alijibu. Hiyo ndiyo saa pekee ambayo sauti ya Gerson ilisikika. Saa nyingine alikuwa mtu wa kuzunguka nyuma ya stesheni ili asipite mbele ya watu waliokaa.

Jumatatu mkewe, Loisi, alifika kutoka Mvumi bila taarifa, amebeba unga wa uwele na mlenda mkavu. Kaka yake, Elisha, alikuwa amempatia Gerson kazi ya kulinda lango la shule moja huko Mvumi, na shule ilitaka jibu kabla ya Ijumaa jioni. Loisi alikuwa amemwandikia mumewe ujumbe mara mbili.

"Ukanijibu 'nimeona'," alisema akiwa bado amesimama kwenye ngazi ya behewa. "Umeona nini, Baba Angelina? Mvua?"

Gerson alipokea mzigo. "Karibu ndani. Utalowa."

Khalidi alicheka kutoka kitandani kwake. "Shemeji, huyu hata chumvi ikiisha hasemi. Tunaijua kwa kuonja."

Loisi alikaa, akachunguza. Alifungua makabati, akanusa magodoro, akauliza kwa nini rafu zina mbao za kuzuia mbele. Siku ya pili alimwambia mumewe, "Nilidhani nitakuta kanga ya mwanamke imeanikwa hapa. Nimekuta matambara ya sufuria."

"Ni ya kuzuia kelele."

"Nimeshaelewa ni ya nini. Nakuuliza la Mvumi."

"Bado nafikiri."

Hakuwa akifikiri. Alishajua kwamba hataki lango. Kila alipokwenda likizo alikuta nyumba yao ya vyumba vinne imepangwa na Loisi kwa mkono wake, tangu viti hadi vibuyu, naye hakujua akae wapi. Siku ya kwanza alikuwa mgeni, siku ya pili mgeni, na siku ya tatu akaanza kuhesabu zilizobaki. Lakini mtu anamwambiaje mkewe kwamba nyumba yake inamshinda? Kila asubuhi alilitengeneza neno hilo akikoroga uji, na kila asubuhi uji uliiva akiwa bado hajalisema.

Alhamisi mchana mto ulijaa, ukaanza kulamba tuta. Stesheni masta alikuja mwenyewe, amevaa buti, akasema kichwa cha treni kiko njiani, behewa livutwe hadi Msagali, na wana nusu saa tu.

Gerson akabadilika. Alitoa kabari za magurudumu, akaagiza tangi lijazwe juu kabisa, akaamuru madirisha yote yafungwe isipokuwa upana wa kiganja kwa upande usiopigwa na mvua. Loisi alimtazama akiwaamuru wanaume wanane, akadhani anamwona mtu mwingine. Naye akashika kazi za jikoni ili asiwe mzigo. Kichwa kilipofungwa kwenye behewa, Gerson akaanza kupita.

"Raphael, moto?"

"Sina."

"Khalidi, moto?"

"Sina, mzee."

Aliwamaliza wote, akafika jikoni. Jiko lilikuwa tayari ndani ya sanduku, juu yake majivu ya kijivu yaliyotulia. Loisi alikuwa amekaa juu ya gunia la unga. Mlangoni walisimama mafundi wawili wakitazama. Gerson akafungua mdomo, kisha akaona kwamba kumuuliza mkewe kama anavyowauliza watu wa gengi, mbele ya watu, ni kama kumkaripia. Akageuka, akatoka kwenda kwenye kibaraza cha nje, kwenye gurudumu la breki ya mkono.

Sasa, kwao Loisi moto haumwagiwi maji. Tangu kwa mama yake, makaa hulazwa chini ya majivu, na jioni mtu anapuliza tu, hana haja ya kwenda kuomba moto kwa jirani. Gerson alikuwa amelalamika kwamba mkaa wote wa Gulwe umelowa. Loisi aliona anamwekea akiba.

Treni ilipokata kona, mvua ikahamia upande wa pili, ikaanza kuurushia unga maji. Loisi akafunga ule upana wa kiganja wa dirisha.

Gerson alisimama nje nusu saa na zaidi, mvua ikimchapa. Karibu na daraja treni ilipopunguza mwendo, aligonga ukuta wa mbao kwa vidole, kama mtu anavyomwambia mwenzake tunaendelea vizuri. Hakujibiwa. Akagonga tena, kisha akasukuma mlango.

Loisi alikuwa ameegemea ukuta, macho nusu wazi. "Acha nilale kidogo," alisema. "Kichwa kinaniuma."

Hapakuwa na moshi wala harufu; sumu ya mkaa haionekani. Lakini treni ilikuwa imeyatikisa majivu, na katika ufa wake Gerson aliona wekundu. Akamwinua mkewe kwa makwapa, akamburuta hadi kibarazani, akamkalisha kwenye mvua huku amemshika kiuno asianguke, akamwita Khalidi afungue madirisha yote na kuumwagia moto ndoo nzima. Loisi alitapika kando ya reli mara mbili. Mpaka Msagali Gerson hakumwachia.

Msagali mvua ilikuwa imekatika. Mganga wa zahanati aliitwa, akampima Loisi, akasema apumue hewa safi na asilale peke yake. Wakakaa wawili juu ya rundo la mataruma ya reli nyuma ya stesheni, Loisi ameshika kikombe cha chai bila kunywa.

"Nilikuwa nasikia," alisema. "Raphael, Khalidi, wote uliwauliza. Mimi ukanipita kama gunia."

"Niliona haya. Mbele ya watu."

"Haya ya nini? Ungeuliza, ningekuambia nimeufukia. Ungesema uzimwe, ningeuzima. Ni maneno mawili tu."

Gerson alitazama mikono yake.

"Na la Mvumi ni hivyo hivyo," Loisi aliendelea. "Wewe unanyamaza kwa heshima, mimi nakaa ndani nakisia. Nimekisia miaka kumi na saba, Baba Angelina. Nimechoka."

Mbali, treni mpya ya umeme ilipita kwenye njia yake, ikatoweka. Gerson akasema, "Sitaki lango."

"Endelea."

"Nikija nyumbani sijui nikae wapi. Si wewe. Kila kitu umekipanga, nami sina kazi humo hata ya kusogeza kiti. Hapa najua kila msumari."

Loisi alikizungusha kikombe mikononi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Limeniuma, nisikudanganye." Akanywa chai kidogo. "Ungesema zamani ningekuachia hata stoo uipange. Imejaa panya."

Gerson alitaka kucheka, akaogopa.

"Imebaki miaka mingapi ustaafu?"

"Mitatu."

"Na baada ya hapo?"

"Nitakuja. Itabidi unifundishe kukaa."

"Nitakufundisha. Na wewe utaniambia linalokushinda, siku hiyo hiyo, si baada ya miaka." Akatoa simu kwenye fundo la kanga, akamwekea kiganjani. "Kaka anasubiri jibu."

"Wewe ni dada yake. Zungumza naye."

"Kazi alikutafutia wewe."

Gerson aliigeuzageuza simu. Elisha alikuwa mtu wa sauti kubwa, mzee wa kanisa, na kwa kawaida wakizungumza ni Elisha aliyesema yote. Akabonyeza. Ikaita mara mbili.

"Shikamoo, shemeji. Ni Gerson." Akaulizwa habari za mvua, akajibu. Akaulizwa afya ya Loisi, akasema aliugua leo lakini sasa anakunywa chai, na kwamba kosa lilikuwa lake yeye Gerson, atamweleza. Kisha salamu zikaisha, upande wa pili ukamsubiri aseme.

"Shemeji, ile kazi nakushukuru sana," alisema. "Sitaichukua. Usikate simu. Ngoja nikueleze kwa nini."

Loisi akasogea kwenye mataruma, akampa nafasi akae vizuri.