Visigino Vyangu Kwenye Viganja vya Bibi Tekla

Nikiwa mtoto wa darasa la pili kule Mchombe, kwa uongo sikuwa na mpinzani. Kusoma walinishinda wengi, na hata leo elimu yangu ni ile ile ya la saba. Lakini kutunga jambo mpaka likakaa kama lilitokea, nawaambieni, hata watu wazima walikuwa wanaacha jembe wanisikilize.

Jirani zetu walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Mtoto wao aliitwa Kashinje, jina wanalompa aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu. Mtoto wa namna hiyo, waliamini wao na tuliamini sisi, akikukanyaga panapouma, maumivu yanatoka. Basi kila asubuhi utakuta mtu amelala kifudifudi uani kwao anangoja kukanyagwa mgongo, na akiinuka anamwachia Kashinje kitu cha kula. Roho iliniuma sana. Walipohamishia ng'ombe Malinyi na Kashinje akaenda nao, kesho yake nikatangaza kisimani kwamba hata mimi nilitanguliza miguu, ila mama anaficha nisije nikachoshwa na wagonjwa.

Mama mwenyewe alikuwa Ifakara anamuuguza dada yake. Wa kunikanusha hakuwepo.

Wa kwanza kuja alikuwa Bibi Tekla, mjane wa nyumba ya tatu, aliyevuna mpunga kwa kisu haraka kuliko vijana. Mikono yake ilikuwa inakufa ganzi. Ilianza kama sisimizi wanatembea vidoleni, baadaye akawa anaangusha vikombe. Watu walisema ni kijicho cha wavunaji wenzake. Alishakanda kwa maji ya moto yenye chumvi, akapaka mafuta ya nyonyo, akafungia tangawizi ya kutwanga. Mganga wa zahanati alimwambia aende Ifakara akapimwe, na mfuko wa safari alikuwa ameshaufunga.

"Mjukuu wangu, kweli ulitanguliza miguu?"

"Kweli, bibi. Tena wa kushoto kwanza."

Akacheka, akaketi, akatandaza viganja mkekani. Nikapanda. Nilifumba macho na kunung'unika maneno niliyoyabuni pale pale. Asubuhi saba, kitumbua kila asubuhi. Siku ya saba akasema anasikia nafuu, akaufungua ule mfuko, akarudisha khanga zake kwenye sanduku.

Siku chache baadaye nilikuwa jikoni kwake nangoja kitumbua. Huku ananisimulia ndege wanavyomaliza mpunga, akaepua sufuria motoni kwa mkono mtupu. Akaendelea kuongea. Mimi ndiye niliyesikia harufu.

"Bibi, mkono!"

Akautazama kama wa mtu mwingine. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye sufuria.

Mama aliporudi, habari alizipata njiani kabla hajatua mzigo.

"Nani alitanguliza miguu? Wewe? Ulitoka kichwa mbele, mdomo wazi, unapiga kelele! Nenda kamwambie Bibi Tekla sasa hivi, kwa mdomo huo huo!"

Nilikwenda. Nilimkuta anakula wali kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeviringishwa kitambaa. Mtu mzima wa heshima zake, anakula kwa kushoto. Aliponiona akaona haya yeye, akasogeza sahani pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Afadhali umekuja. Huu niliuunguza kwa uzembe wangu, wewe huna kosa. Hebu nikanyagie wa kushoto, nao umeanza tena."

Akaunawa, akautandaza mkekani. Maneno ya mama nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Nikavua ndala, nikapanda. Nyumbani nikamwambia mama nimeshasema.

Siku hizi nasikia ganzi ya mikono ina mambo mengi: sukari, mshipa uliobanwa, shingo, hata ukoma, na mengine yakiwahiwa yanatibika. Ya Bibi Tekla ilikuwa ipi sijui, maana hakuna aliyeipima mapema. Vidole viwili vya kulia vilikakamaa, na kisu cha kuvunia hakukishika tena.

Nimesema uongo mwingi maishani, na mwingi umechekesha watu. Huu sijawahi kuusimulia mahali watu wanapocheka. Mpaka anafariki, Bibi Tekla akiniona hata mbele za watu aliita, "Mganga wangu!"

Nami niliitika.