Maji ya Chini ya Tangi

Kichwa cha Rispa Nabalayo kinachomoza kwenye mdomo wa tangi, kinavuta pumzi, kisha kinazama tena. Ni asubuhi mtaani Umoja, juu ya paa la ploti ya nyumba za kupanga ya ghorofa nne, na brashi inasikika ikikwangua plastiki. Anapotoka, mikono yake imetapakaa ute wa kijani unaovutika kama mrenda.

“Hii ndiyo nyumba ya bakteria,” anasema, akijipangusa kwenye aproni. “Ukiigusa, wanatoka.”

Rispa, 36, mzaliwa wa Bungoma, ameosha matangi ya Umoja na Donholm kwa miaka tisa, kwa shilingi mia tano kila tangi. Kazi hii ina mtindo wake. Hakuna mwenye ploti anayekubali tangi lioshwe likiwa na maji ya maana, kwa hiyo Rispa huitwa mgao wa maji ukichelewa, wakati yaliyobaki ni mabeseni machache tu. Husugua kwanza. Kisha, enzi hizo, alikuwa akiyachota yale ya chini, akiyachuja kwa leso, akingoja tope litulie, halafu akiyarudisha. Wapangaji walimpendea hilo, maana waoshaji wengine walikuwa wakimwaga.

Aprili mwaka jana, mabomba yalikauka karibu majuma mawili. Rispa aliliosha tangi hilihili, na msimamizi wa ploti, Mzee Wabwire, akampa mtungi mmoja wa maji hayo kama asante. Aliubeba hadi nyumbani moyo ukiwa mweupe.

Jioni, binti yake Lydiah, wa darasa la pili, alitoka shule na kiu, akachota kikombe mtungini kabla mama hajawasha jiko kuyachemsha maji. Baada ya wiki hivi, homa ikampanda. Hospitalini walisema ni homa ya matumbo, na utumbo ulikuwa umeshatoboka. Lydiah hakurudi nyumbani.

“Nilikuwa napanda huku juu kumtafutia karo,” anasema Rispa. “Nikamshushia kifo na leso yangu mwenyewe.”

Aliyemfafanulia mambo ni Abdijabar, fundi wa maabara aliyekuja baada ya msiba kuchukua sampuli za maji ya tangi. Bakteria, alimwambia, hujibandika ukutani mwa tangi na kujijengea ute, wakaishi humo pamoja, na hata dawa huwapata kwa shida. Lakini si wafungwa. Chakula kikipungua, au maji na hewa vikibadilika, wanaihisi hali hiyo. Hupashana habari kwa kemikali, wengine wakaulegeza ute na kuogelea kwenda kutafuta makao mapya. Maji yanaposimama siku nyingi, huenda wengi wameshaanza kutoka. Brashi humalizia kuwatawanya majini. Na leso haiwazuii, ni wadogo mno.

Kama ni mtungi ule uliomwua Lydiah, Abdijabar hakuweza kuapa; sampuli zilichelewa. Rispa angeona afadhali aambiwe ndiyo, maana kutojua kunamtafuna usiku na mchana.

Tangu hapo hachuji tena, anamwaga. Ploti nyingi zimemwacha kwa sababu hiyo, zikatafuta vijana wanaookoa kila tone. Mumewe, Phares, kibarua wa kiwandani, alimsihi aiache kazi kabisa. Angeiacha, lakini hana nyingine, na anasema anayekuja baada yake atachuja.

Leo Mzee Wabwire amepanda kumwomba ayahifadhi maji ya chini, mara hii tu. Rispa anatikisa kichwa. Analiinamisha tangi, na maji ya kijani yanaporomoka kwenye bomba la maji ya mvua hadi uani.

Huko chini mabeseni yanagongana. Wanawake wamekwisha kujipanga.

“Waithera, hayo si ya kunywa,” Rispa anaita kutoka ukingoni. “Yamwageni, tafadhali.”

Waithera, mpangaji wa ghorofa ya chini, anamtazama bila hasira. “Mama Lydiah, tunakuelewa. Lakini leo hawa watoto watakunywa nini?”

Rispa anakaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa na kulia waziwazi, mbele ya mzee wa watu.

Anachopanga ni kumwomba tena mwenye ploti aweke bomba la kutolea uchafu chini ya tangi, linaloingia moja kwa moja kwenye mtaro wa maji machafu, beseni lisiufikie. Ameshaomba mara mbili. Amejibiwa kwamba litafikiriwa.

“Wakiliweka, nitashukuru Mungu,” anasema. “Kabla ya hapo mimi nitamwaga, na wao watakinga.”