Nzi wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alifuga nzi katika nyumba ambamo siku zote tulikuwa tunafukuza nzi. Chupa kumi na mbili. Nilizihesabu mara mbili, maana ndizi zilizopondwa ndani zilitoka kwenye meza yangu sokoni. Alisoma biolojia hapa Bunia, na profesa wake alishamwambia: nzi wakifa kabla ya kazi ya mwisho, hakuna diploma.

Siku moja nilimuuliza anatafuta nini kwenye mabawa ya nzi hao.

"Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "iko gene mbili, ni ndugu. Zamani ilikuwa moja, ikajinakili."

"Ya pili ni matabisi?" Matabisi ni ile konzi ya maharage ninayoongeza juu ya kipimo ili mteja arudi.

Akacheka. "Matabisi kabisa. Lakini ilipata kazi."

Kazi zimegawanywa hivi. Mshipa mmoja wa bawa zinautengeneza pamoja. Moja ikikosekana hapo, kama kwa nzi wa chupa zake nyingi, nyingine inatosha, huoni tofauti. Tumbo ni la ile ya kwanza peke yake. Ya pili ingeliweza, ila ni ndefu mno, na nzi aliye bado ndani ya yai ana haraka: kabla haijasomwa hadi mwisho, chembe hai zimeshagawanyika, nafasi imepita. Nikamwambia huyo namjua, ni mteja anayeuliza bei tangu asubuhi na hanunui.

Kisha pikipiki ikanivunja mguu. Nyumbani tulikuwa wawili tu, basi akaenda kukaa kwenye meza yangu. Nikajiambia moja ikikosekana, nyingine inatosha.

Mama wa meza ya jirani akaja kunitazama.

"Mudogo yako iko napima maharage kama dawa ya mutoto! Tukimuambia aongeze, anatoa mbegu mbili. Mupaka amalize, muteja alisha kwenda kwangu."

"Na weye unamupokea?"

"Sasa nimufukuze?"

Jioni mdogo wangu alirudi, akapika, akaniosha, akalala na viatu. Chupa zilitakiwa kubadilishiwa chakula. Kutoka kitandani niliuona ukungu wa ndizi zilizooza ukipanda kwenye kioo cha chupa.

"Kesho baki. Angalia nzi zako."

"Na tutakula nini, yaya? Nzi?"

Mzaha huo ulikuwa wa aina yangu. Sikucheka.

Jumapili alizipanga chupa zote dirishani mbele yangu, akazigongagonga kuona nani anaruka. Wale waliokosa gene moja walikuwa wamekufa, wale waliokosa ile nyingine pia. Chupa moja tu ilikuwa na uhai. Nilihesabu, nikarudia: tisa.

"Hizo ziko na gene zote mbili," akasema. "Nzi ya kawaida. Hata kwenye takataka ziko."

Akaifungua chupa, akawaachia waende. Akaziosha chupa kwa mchanga na maji ya moto, kesho yake akazipeleka sokoni, maana wauza mawese hawaachi kutafuta chupa. Hizo ziliisha kabla ya saa sita.