Dakika za Kujaza Debe

Nilifundisha kemia na fizikia kwa miaka miwili kabla sijamwonyesha mwanafunzi hata mmoja bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia asidi tone kwa tone. Sikuwa nayo. Shule yetu ilikuwa ya harambee, ya wasichana, imejengwa na wazazi pamoja na kanisa pembeni mwa mtaa wetu huku Eastlands, na chumba kilichoandikwa "maabara" kwenye ramani ya fundi kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Basi nilichora bureti ubaoni kwa chaki, nikaweka alama za vipimo kando yake, na wasichana wakaiiga kwenye madaftari kwa uangalifu mkubwa. Mmoja aliniuliza kama bureti ni ndefu kama mkono au kama kidole. Nikamwambia kama mkono. Alirudi akaifuta yake, akaichora upya.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimetoka chuo cha ualimu na moyo wangu wote, na nilikuwa na hasira. Mtihani wa kidato cha nne uliwauliza wasichana wangu rangi ya kitu wasichowahi kukiona, na aliyekosa karatasi ya majaribio ya maabara hakuruhusiwa hata kuota uhandisi. Waliokuwa na maabara walizidi kupewa. Sisi tulipewa moyo.

Hasira hiyo nilimpelekea jirani yangu kila jioni nikitoka shule. Alikuwa mzee wa Kikamba aliyestaafu karakana ya reli, ambako alikereza vyuma maisha yake yote. Mchana kutwa alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake akinoa misumeno ya watu na kuziba majiko yaliyotoboka. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikimsimulia ubaya wa serikali, naye akisikiliza huku tupa ikikwaruza.

Siku moja redio ilitangaza kwamba kuna tume inazunguka kukusanya maoni ya wananchi kuhusu elimu, na kwamba itaketi katika ukumbi wa mtaa wetu baada ya wiki chache. Usiku huohuo niliandika kurasa nne. Kesho yake nikampelekea mzee azisome. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasoma zote, kisha akanirudishia.

"Mwalimu," akasema, "hii ni barua ya mtu aliyeachwa na mchumba."

Nilinuna. Akacheka, akaweka tupa chini.

"Usikasirike, binti yangu. Karakana kwetu, ukimwendea foromani ukamwambia injini ni mbovu, anakufukuza. Ukimwambia imelika wapi na imelika kiasi gani, anatoa kalamu. Hawa wa serikali ni maforomani tu. Wapelekee kipimo."

"Nipime nini, mzee? Sina hata mizani."

Alinyoosha kidole kuelekea bomba la mtaa, ambako akina mama walikuwa wamepanga foleni ya madebe na ndoo kutoka bombani hadi kwenye kona.

Ndivyo tulivyoanza. Wasichana wa kidato cha tatu waligawana zamu, wawili wawili, kuanzia alfajiri hadi magharibi, kabla na baada ya masomo, na saa za mapumziko nikawaruhusu wakimbie wakarudi. Kazi yao ilikuwa moja: kuandika debe moja linachukua dakika ngapi kujaa, na ni saa ngapi. Saa ya mkono ilikuwa moja tu, ya baba wa msichana mmoja aliyekuwa dereva wa lori, naye aliitoa kwa masharti kama anayemwoza binti. Ilifungwa kwenye kitambaa, ikapitishwa mkono kwa mkono, na sikumbuki kuona kitu kikitunzwa vile tena maishani.

Foleni haikutupenda mwanzoni.

"Nyinyi watoto mnaandika nini?" akina mama waliuliza. "Nani amewatuma?"

"Hatujatumwa, mama. Tunasoma sayansi."

"Sayansi ya debe langu?"

Aliyetuokoa alikuwa mama mboga mmoja, mama wa msichana wetu wa dawati la mbele. Aliuza sukuma wiki na nyanya karibu na lango la shule, na kwa kuwa mboga zake lazima zioshwe, hakuna aliyelijua bomba lile kumzidi. Alikuwa na sauti ya kufika mtaa wa pili. Aliwaambia wenzake, "Waacheni waandike. Mimi nimesimama hapa miaka kumi na sijaandikwa na mtu." Tangu hapo wasichana wakapewa nafasi ya kusimama mbele kabisa, karibu na mdomo wa bomba.

Baada ya wiki mbili tulichora grafu kubwa kwenye karatasi za kalenda kuukuu zilizounganishwa kwa gundi ya unga, tukaibandika ukutani darasani. Mama mboga alikuja kuiona akiwa bado amefunga aproni yake. Hakuwahi kukaa shuleni hata siku moja. Alisimama mbele ya ule mstari, binti yake akamweleza kwamba huku chini ni saa na huku kando ni dakika. Akaufuata kwa kidole taratibu, ukipanda, ukipanda, mpaka kileleni.

"Kumbe ni hapa," akasema. "Hapa ndipo mimi huteseka."

Kisha kidole kikateremka hadi bondeni, penye saa nane mchana. "Na hapa?"

"Hapo debe linajaa upesi, mama."

Kesho yake saa nane alikuwa bombani. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha jambo jema, baada ya siku tano mtaa mzima ulikuwa bombani saa nane. Wakafungua na bomba la upande wa pili, na maji yakawa uzi. Wasichana wakanijia mbio na vipimo vipya, karibu kulia.

"Tichee, grafu imeharibika!"

Niliwaangalia, nikaiangalia ile grafu, kisha nikaanza kucheka hadi nikakaa kwenye dawati. Grafu ilikuwa imeharibika kwa sababu ilisomwa. Nikawaambia wachore nyingine, wazibandike zote mbili pamoja, waandike chini yake kilichotokea katikati. Jirani yangu alipoelezwa alipiga goti lake kofi akasema sasa tuna kitu cha kumpelekea foromani.

Memoranda yetu kwa tume ilipigwa taipu na karani mmoja wa kanisani wakati wa chakula cha mchana. Zile kurasa nne zilikuwa zimebaki ukurasa mmoja. Tuliomba mambo matatu: malori yenye vifaa vya maabara yazunguke katika shule ndogo, sera iseme wazi kwamba sayansi na ufundi ni haki ya wasichana wa harambee kama ya mtu mwingine yeyote, na shule kubwa zenye maabara zifungue milango yao Jumamosi kwa zisizo nazo.

Siku ya tume, ukumbi ulijaa. Wakuu wa tume walikaa kwenye jukwaa nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa cha kijani na maua ya plastiki. Kila mtu alipewa dakika tano. Kabla yangu alisimama bwana mmoja aliyetaka viboko virudishwe, na mwingine aliyetaka vipunguzwe, na wote wawili walipigiwa makofi na watu walewale.

Nilipoitwa, nilisoma ukurasa wangu haraka mno. Kisha wasichana wawili wakapanda wakiwa wameshika zile karatasi za kalenda, kila mmoja upande wake, na yule binti wa mama mboga akazieleza. Alieleza grafu ya kwanza, akaeleza ya pili, akaeleza jinsi mama yake alivyoharibu utafiti. Ukumbi uliangua kicheko. Hata walioketi jukwaani walicheka. Nikaona tumeshinda.

Hapo mwenyekiti akavua miwani. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mpole, na swali lake aliliuliza kwa upole vilevile.

"Mwalimu, hongera sana. Lakini nisaidie. Ikiwa wasichana hawa wamefanya kazi nzuri hivi kwa debe na saa moja ya kuazima, mbona mnaomba maabara? Si mmekwisha kutuonyesha kwamba hamuihitaji?"

Nilikuwa nimejiandaa kujibu mtu anayesema wasichana hawawezi. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu anayesema wanaweza mno. Nilimtafuta jirani yangu kwa macho. Alikuwa amekaa mstari wa tatu akikuna kidevu.

Nyuma kabisa mtu akasimama. Niliijua sauti kabla sijageuka.

"Bwana mwenyekiti, mimi sina karatasi."

Askari wa mlangoni alimwashiria akae, kwani hakuwa kwenye orodha. Mwenyekiti akainua mkono. "Mwache aseme. Wewe ni nani, mama?"

"Mimi ndiye niliyeharibu utafiti."

Walicheka tena. Akangoja wamalize.

"Nataka kukuuliza, mheshimiwa. Ukioa mke, ukamkuta anapika kwa mafiga matatu na kuni mbichi, na chakula kinaiva, na ni kitamu, utamwambia nini? Utamwambia, mama, umeweza, endelea na moshi wako? Au utamnunulia jiko, uone sasa atapika nini?"

Sijawahi kusikia makofi ya namna ile. Akina mama walipiga vigelegele. Bwana wa viboko alisimama juu ya kiti. Mwenyekiti alicheka mpaka akatoa leso, kisha akafanya jambo ambalo jirani yangu alilisimulia hadi watu wakachoka: akatoa kalamu, akaandika. Akamwomba mama arudie, akaandika tena.

Nje ya ukumbi nilimkumbatia mama mboga nikalia kidogo. Aliniambia niache upuzi, amewaacha wateja.

Miezi mingi ilipita kimya. Nilianza kuamini kwamba tulichopata ni kicheko tu. Kisha siku moja mwalimu mkuu akaniita ofisini akanipa waraka uliotoka wizarani. Malori hayakutajwa. Lile ombi la pili lilikuwa limeyeyushwa katika maneno marefu kuhusu maendeleo ya taifa, ambayo niliyasoma mara tatu bila kuyashika. Lakini la tatu lilikuwepo, limenyooka kama rula: shule zenye maabara zinahimizwa kuzifungulia shule jirani siku za Jumamosi. Neno lilikuwa "zinahimizwa," si "zinaamriwa." Nilikwenda nalo hivyohivyo.

Shule ya wavulana iliyokuwa karibu nasi ilikubali baada ya mimi kwenda mara nne. Jumamosi ya kwanza tulitembea kwa mstari, sare zimepigwa pasi, madaftari kifuani. Wavulana wa bweni walijaa madirishani. "Madem wamekuja!" mmoja akapiga kelele. Wasichana hawakugeuka.

Mtunza maabara alikuwa mwanamume mkavu mwenye koti la kahawia. Alitupokea kama mtu anayepokea nzige. Alihesabu mirija ya majaribio mbele yetu kwa sauti, akasema atahesabu tena tutakapotoka. Kisha akafungua kabati, na hapo kwa mara ya kwanza wasichana wangu wakaziona bureti, zimesimama kwa safu, za kioo kitupu.

Yule aliyeniuliza urefu alinyoosha mkono wake karibu na mojawapo, akapima. "Ni kama mkono kweli," akasema, kama aliyekuwa hajaniamini miaka yote.

Tukaanza. Tone kwa tone, asidi ndani ya chupa yenye magadi na dawa ya rangi. Nilikuwa nimewaambia mara mia kwamba rangi ya waridi ya chupani itatoweka ghafla, kwa tone moja tu. Ni jambo la kusomwa na kukaririwa. Lakini ilipotoweka kwenye meza ya kwanza, yule msichana alipiga ukelele kama aliyeona nyoka, na wote wakakimbilia kwake, kisha kila mmoja akarudi mbio kwenye chupa yake asipitwe. Meza ya pili, ukelele. Meza ya tatu, ukelele. Mtunza maabara alikuja kuangalia kama kuna aliyeungua. Alisimama pale na mikono mfukoni, na taratibu uso wake ukalegea.

"Wangu huwa wanasinzia," akaniambia.

Tulipomaliza hakuhesabu mirija. Alituletea birika la chai na vikombe vya bati.

Tulikuwa tukinywa chai hiyo kwenye ngazi za maabara pale mkuu wa shule ile alipokuja akivuka uwanja. Nilisimama haraka, nikidhani tumekosea kitu. Alisalimia, akazungukazunguka maneno, akauliza habari za nyumbani. Mwishowe akasema kwamba mwalimu wake wa kemia alikuwa ameacha kazi muhula ule, wavulana wa kidato cha tatu hawana mtu, na kama ningeweza, huku niko hapa Jumamosi…

Niliwaangalia wasichana wangu. Walikuwa wameacha kunywa, wananisikiliza.

"Nitawafundisha," nikasema, "ila darasa liwe moja. Na hawa wangu wakae mbele."

Akafikiri kidogo, akakubali. Jumamosi iliyofuata wavulana walikuja wamechana nywele.